Kibanio Chini ya Kiti

Walikuja saa nane mchana na teksi kumi na moja, na katika ile ya mwisho kulikuwa na jogoo.

Nilikuwa nimelala chali chini ya usukani wa gari la mteja, miguu nje, nikivuta waya wa taa za ukungu. Nilisikia milango ikibamizwa, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekung'uta godoro kwa fimbo. Mjomba Tien-fu alikuwa mezani anakunywa chai. Hakusimama. Nilimsikia akikiweka kikombe chini polepole sana, na kwa namna alivyokiweka nikajua hawa si wateja.

"Tien-fu! Toka mwenyewe, mzee. Usingoje kutolewa."

Mji mzima wa Sanchong uliijua sauti ile, maana ilishinda hewani kutwa. Ilikuwa ya Tsai Huo-mu, waliyemwita Nyati, mkubwa wa kundi la teksi la Korongo. Korongo walikuwa na magari arobaini na mawili, yote yana redio za upepo, na redio zote tulizifunga sisi. Dereva akipigwa na abiria mlevi, au akizibiwa njia na kundi jingine, alibonyeza kitufe cha maiki akasema yuko wapi. Baada ya dakika tano barabara ilijaa Korongo, kila mmoja na kufuli lake la usukani mkononi, lile la chuma, refu kama mkono wa mtu. Wengi wao walikuwa hai kwa sababu ya redio hizo. Wengi pia walikuwa na makovu kwa sababu hiyohiyo.

Nilipojivuta nje ya gari, mjomba alikuwa ameshashikwa. Wanaume wawili walimbana mabega, na wa tatu alimpiga kufuli nyuma ya magoti. Alianguka kwa magoti yote mawili juu ya saruji. Miwani yake iliruka ikateleza mpaka miguuni pangu.

"Kaka Huo-mu," mjomba alisema, "kama ni habari ya Mzee Hsu, nimesikia. Nimesikitika sana."

"Amesikitika!" Nyati aliwageukia wenzake. Alikuwa anatafuna tambuu, akatema mate mekundu kwenye kizingiti chetu. "Mmesikia? Mzee wa watu amebanduka ngozi ya mapaja kama viazi vya kuchemsha, na fundi amesikitika."

Jana yake asubuhi gari la Mzee Hsu lilikuwa limeungua penye kivuko cha reli. Moto ulitoka chini ya kiti chake alichokalia. Foronya ya plastiki ya kiti iliyeyuka ikamgandia. Mwanawe, Ping-kun, naye ni dereva wa Korongo. Ndiye aliyefika wa kwanza, akavunja kioo, akamvuta baba yake dirishani. Leo Ping-kun alikuwa amesimama nyuma kabisa ya wenzake, mikono imefungwa bendeji mpaka viwikoni.

"Nani alifunga redio ya Mzee Hsu?" Nyati aliuliza.

"Duka langu," mjomba akasema.

"Sikuuliza duka. Nimeuliza mkono."

"Mkono wangu."

Hapo Nyati alimpiga teke la mdomo. Halikuwa teke la hasira. Alilipiga kama mtu anayesukuma mlango ambao kila siku hugoma kufunguka. Mjomba alitema jino na damu. Wale wengine nao wakaingia dukani, nikasikia kabati la vioo likianguka, redio mpya zikikanyagwa, mita zikivunjwavunjwa. Mmoja alinivuta nywele akanisukuma ukutani, akaniambia, "Wewe Bubu, kaa hapo."

Bubu ndiyo jina walilonipa. Mimi sikuwa msichana wa kusema mbele za watu. Wateja walimwambia mjomba, mjomba akaniambia mimi, na mimi nikaingia chini ya gari. Miaka sita nilikuwa pale, na madereva wengine waliamini kweli kwamba sina ulimi.

Walimwinua mjomba wakampeleka kwenye meza ya kazi, penye jiliwa, ile koleo kubwa ya kubania vyuma. Waliufungua mdomo wa jiliwa, wakautia mkono wake wa kulia, wakakaza mpaka nikaona vidole vinageuka vyeupe. Mjomba alinguruma mara moja tu.

"Mwaka juzi," Nyati alisema, "sisi sote tulipiga magoti mbele ya sanamu ya Bwana Kuan hekaluni, tukaapa. Mkono utakaomuumiza ndugu wa Korongo, mkono huo utavunjwa, hata ukiwa wangu. Ndivyo tulivyosema au sivyo?"

"Ndivyo!" wakajibu.

"Lakini mimi si mnyama. Leteni jogoo."

Walimleta, amefungwa miguu, mwekundu, mkubwa. Wakamlaza juu ya meza karibu na uso wa mjomba, na kando yake wakaweka kisu cha jikoni.

"Mkono wako wa kushoto uko huru, mzee. Kata kichwa cha jogoo huyu, uape kwamba kazi uliyoifanya kwenye gari la Mzee Hsu ilikuwa kazi safi. Ukikata, tunaondoka, na kabati lako nitakununulia jipya. Usipokata, mkono huo ni wetu."

Kwetu mtu hachezi na jogoo. Nimeona wezi wakikubali kwenda jela kuliko kushika kile kisu. Anayeapa uongo juu ya damu ya jogoo, yeye na uzao wake wamekwisha, na mjomba alikuwa na binti mmoja, mjamzito.

Mjomba alimtazama jogoo. Jogoo alimtazama mjomba. Kisu hakikuguswa.

Nje watu walikuwa wamekusanyika. Mama Lien, muuza tambuu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa ametoka kwenye kibanda chake na glavu zake za plastiki mkononi. "Kata, Tien-fu!" alipiga kelele. "Kata, mwanamume wee, unangoja nini?"

Mimi nilijua anangoja nini. Kazi haikuwa safi. Tena haikuwa ya mkono wake.

Miezi miwili kabla ya hapo, siku ya mvua, Nyati alikuja peke yake. Polisi walikuwa wameanza kuwasimamisha madereva na kuwanyang'anya vikuza sauti, lile sanduku la pili, lililokatazwa na sheria, linaloipa redio nguvu ya kuvuka mto. Nyati alitaka kila gari lifungwe upya, ili dereva akiona polisi aling'oe sanduku na kulitupa chini ya miguu ya abiria kabla taa haijageuka kijani. "Mkono mmoja, pumzi moja," ndivyo alivyosema.

Mjomba alikataa. Alimweleza yale aliyonifundisha mimi siku yangu ya kwanza. Waya mwekundu unaleta umeme kutoka kwenye betri, na kila mtu anauheshimu huo, anautilia fyuzi. Mweusi wanaudharau. Lakini umeme wote ulioingia lazima urudi kwenye betri, hata tone lisibaki, nao unarudi kwa kupitia chuma cha bodi la gari. Kwa hiyo waya mweusi, waya wa ethi, lazima uwe mnene sawa na mwekundu, uwe mfupi, na ukazwe kwa bolti kwenye chuma kitupu kilichokwanguliwa rangi. Rangi haipitishi umeme. Kutu haipitishi.

"Hakuna kukwangua rangi kwenye magari yangu," Nyati alisema. "Wakaguzi wakiona mkwaruzo kila sakafu ya teksi, watauliza kuna nini. Na bolti inachukua muda gani kufungua?"

"Dakika mbili."

"Kwa dakika mbili polisi ameshanivua suruali. Weka kibanio."

Alimaanisha kile kibanio chenye meno, cha kuchajia betri. Mjomba alikataa mara ya pili. Nyati hakubishana. Alitazama tu dari ya duka letu, kuta, mlango, kama mtu anayepima nyumba atakayoibomoa, akasema, "Mahali pazuri hapa. Pakavu." Mjomba akakubali.

Vibanio vyote arobaini na viwili nilivibana mimi, kwenye mguu wa chuma wa kiti cha dereva. Waya mweusi wa redio na waya mweusi wa kikuza sauti, zote mbili kwenye kibanio kimoja. Nilijua kwamba kiti kinasukumwa mbele na nyuma. Nilijua kwamba kibanio kitacheza. Nilijua na kingine, ambacho mjomba hakukifikiria siku hiyo, na sikukisema, kwa sababu Nyati alikuwa amekaa pale anatafuna na mimi niliona haya kusema mbele yake. Niliona haya tu. Sina sababu nyingine.

Sasa Nyati alikuwa ameokota kufuli la usukani, amelishika kwa mikono miwili, anapima umbali wa kifundo cha mkono wa mjomba.

"Nahesabu mpaka tatu, Tien-fu."

"Ni mimi," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Hata mimi sikuisikia vizuri sauti yangu.

"Moja."

"Ni mimi niliyefunga!"

Mtu mmoja akacheka. "Jamani, Bubu amesema!"

"Mwongo huyo," mjomba alisema upesi, damu inamtoka kidevuni. "Mtoto yule hajui kitu. Anashika tochi tu."

"Magari yote nimefunga mimi," nilisema. Nilikuwa natazama sakafu, kwenye mate mekundu ya tambuu. "Nikipewa gari, naweza kuonyesha moto ulitoka wapi."

Nyati alinijia. Alinishika kidevu akainua uso wangu, vidole vyake vinanuka chokaa na karafuu. "Basi huo mkono wa kuvunjwa ni huu wako mdogo," akasema. "Mfungueni mzee. Mleteni huyu."

Walimfungua mjomba kwenye jiliwa. Alimrukia Nyati. Alikuwa na miaka hamsini na nane na hakuwa na miwani, akamparamia shingoni kama paka. Walimtoa kwa makufuli. Nilisikia mbavu zake, sauti kavu, kama kuni nyembamba. Alipoanguka waliendelea, na mimi walikuwa wameshaniburuta mpaka mezani, kifundo changu kiko kwenye jiliwa, baridi, mtu anazungusha mpini.

"Acheni."

Alikuwa Ping-kun. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

"Aliyeungua ni baba yangu," alisema. "Sijaja kuchukua mkono wa mtu halafu nirudi hospitali nimwambie baba sijui kilichomuunguza ni nini. Anionyeshe kwanza. Mkono hautakimbia."

"Ping-kun, mdogo wangu," Nyati alisema kwa upole, "wanawake wa namna hii watasema lolote."

"Ataonyesha kwa gari langu. Akishindwa, nitamvunja mwenyewe."

Nyati hakuweza kukataa. Watu kumi walikuwa wanamtazama.

Gari la Ping-kun lilikuwa mlangoni kabisa. Nilifungua mlango wa dereva, nikapiga magoti, nikainua zulia la sakafuni. Kibanio kilikuwa pale, kwenye mguu wa kiti. Niliwaita waje karibu. Yaani sikuwaita, nilinyoosha kidole tu, wakaja, wakainama juu yangu mpaka nikakosa hewa.

"Washa redio," nilimwambia Ping-kun. Akawasha. Taa nyekundu ikawaka.

Nilikivuta kibanio. Kilitoka kwa urahisi, kwa kidole kimoja. Nikakiinua juu, kinaning'inia, hakigusi kitu.

Taa ya redio ilikuwa bado inawaka.

"Mbona haizimi?" mmoja akauliza.

"Ndiyo maana hamkujua," nilisema. "Kibanio kikidondoka, redio inaendelea. Mnadhani mambo ni salama." Nilikitikisa kibanio hewani. "Umeme umekosa njia yake. Kwa hiyo unarudi kwa waya wa antena. Ule wavu mwembamba wa shaba ulio ndani yake umeshikana na antena, na antena imekazwa kwenye buti, kwenye chuma. Umeme unapita hapo. Mkisikiliza tu, ni mdogo, hakuna neno. Mkibonyeza kuongea, kikuza sauti kinavuta umeme wa kuwasha taa kubwa za magari manne. Wote huo unapita kwenye uzi."

"Uongo," Nyati alisema. "Fyuzi ingekatika."

"Fyuzi ipo kwenye mwekundu, na umeme haukuzidi. Fyuzi haijui unarudi kwa njia gani."

Nilimwomba Ping-kun akae kitini, abonyeze kitufe cha maiki, asikiachie.

"Niseme nini?"

"Chochote. Kwa muda uleule aliosema baba yako."

Alikaa. Alishika maiki kwa vidole vilivyotoka nje ya bendeji. Akabonyeza. Sauti yake ikatoka mara moja kwenye spika za teksi zote kumi zilizosimama barabarani, ikatuzunguka.

"Baba alikuwa anasimulia habari ya yule bibi aliyepanda na bata wawili," alisema. "Mlimsikia wote. Bibi anakwenda kwa mkwewe Panchiao, bata hawajafungwa. Baba anamwambia, bibi, bata wakinya kwenye gari langu utalipa nauli ya watu watatu. Bibi anasema, hawa hawanyi, hawa wamesoma. Baba anasema, wamesoma wapi? Bibi anasema..."

Hapo ndipo Mzee Hsu alipoishia jana. Madereva walikuwa wanacheka huku wakiendesha, kisha hewa ikanyamaza. Hakuna aliyecheka sasa. Ping-kun alirudia hadithi kutoka mwanzo.

Mimi nilikuwa nimeushika waya wa antena kwa kiganja, pale unapotoka kwenye sanduku chini ya kiti. Ulikuwa baridi. Kisha ulikuwa wa joto la kawaida, kama mkono wa mtu mwingine. Bata walipofika kwenye maneno ya kunya ulikuwa kama kikombe cha chai. Nilitaka kuachia. Nilifikiri, nikiachia watasema nimeogopa mwenyewe, waya hauna kitu. Nikakaza. Plastiki ililainika, nikaisikia inateleza chini ya vidole. Harufu ikaja. Ping-kun aliendelea kusema, bibi anasema, baba anasema. Ngozi ya kiganja changu ilianza kutoa sauti. Nilipiga kelele lakini sikuachia, mpaka moshi ukatoka chini ya kiti kati ya miguu ya Ping-kun, mweusi, akaruka nje akaangukia barabarani, na mimi nikang'oa fyuzi kwa mkono ule mwingine.

Nilifungua kiganja nikawaonyesha. Mstari ulikuwa umepita katikati, mweupe na mweusi, na kipande cha plastiki ya waya kimebaki ndani yake.

Kisha madereva wawili waliondoka polepole, wakaenda kwenye magari yao, wakafungua milango, wakainama. Nikaona kwamba wanatazama chini ya viti vyao. Mmoja akarudi ameshika kibanio chake. "Changu kimeshatoka," alisema. "Sijui tangu lini. Na mke wangu hukaa hapo nyuma yangu na mtoto."

Ping-kun alisimama. "Nani alisema viwekwe vibanio?"

Mjomba alikuwa ameegemea tairi, anashika mbavu. Mpaka leo naamini asingesema kamwe.

"Duka ndilo lilisema," Nyati akajibu. "Wao ni mafundi, mimi nijue nini? Walisema ni mtindo mpya, unatoka Japani."

Nilirudi ndani. Nilimchukua jogoo kwa miguu kwa mkono uliokuwa mzima, na kisu nikakibana kwapani. Nilivileta nje, nikampa Nyati. Sikumtazama usoni. Nilimwambia jogoo.

"Basi aape."

"Ala!" Mama Lien alicheka kwa sauti kutoka kwenye kibanda chake. "Haya, Nyati, kata! Jogoo anazeeka huyo!"

Nyati alipokea kisu. Aliipokea na shingo ya jogoo. Alitabasamu, akawatazama watu wake mmoja mmoja, akaweka kisu juu ya manyoya. Jogoo alikuwa ametulia kabisa. Nyati alikuwa na watoto wa kiume wawili, na mdogo alikuwa ametimiza mwaka mwezi uliopita. Korongo wote walikula tambi nyumbani kwake siku hiyo. Niliona kisu kinabonyea manyoya. Niliona hakizami. Jasho lilimtoka puani.

Akamtupa jogoo chini, akaokota kufuli, akanipiga.

Lilinipata mfupa wa bega, la mkono uleule ulioungua. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia tu kwamba mkono umekuwa wa mtu mwingine, na nilikuwa nimekaa chini. Aliinua tena, na safari hii alilenga kichwa. Ping-kun alimwingilia tumboni kwa kichwa chake. Wakaanguka juu ya boneti, wakavingirika mpaka chini. Nyati alimwuma sikio. Ping-kun, na mikono yake ile ya bendeji, alimpiga usoni, na kila pigo liliacha damu kwenye bendeji, yake au ya Nyati sijui. Wengine walisimama tu. Kisha mmoja akamshika Nyati mguu. Mwingine akamshika mkono. Hawakuwa wanawaamua.

"Mwacheni," nilisema. Sauti yangu ilikuwa imeisha, au hawakuihitaji tena.

Walimbeba mpaka mezani. Alikuwa mzito, walihitajika wanne. Wakautia mkono wake wa kulia kwenye jiliwa.

"Mwacheni!" Niliinuka, nikamshika Ping-kun shati. "Kaka Ping-kun, nilitaka tu wamwache mjomba. Sikutaka hili."

"Kaa pembeni, dada," alisema, bila ukali. "Kiapo alikitunga yeye."

"Nimesema imetosha!" Huyo alikuwa mjomba, anatambaa. "Mimi ndiye niliyepigwa, nami nasema imetosha!"

Ping-kun aliinua kufuli.

Nyati hakuomba. Alianza kuwaita kwa namba zao za hewani, zile ambazo kwa miaka mingi walizijibu popote walipokuwa, hata wakiwa mezani wanakula. "Namba nane! Namba thelathini na moja! Kumi na tisa, niko dukani kwa Tien-fu, nahitaji watu! Namba nane, jibu!" Namba nane alikuwa ndiye anayemshika bega. Alitazama ukuta.

Ping-kun alipiga mara mbili. Baada ya pigo la pili Nyati alinyamaza, na kilichosikika ni jogoo tu, anahangaika chini ya gari na miguu yake iliyofungwa.

Waliondoka bila kuagana. Nyati aliachwa mlangoni. Mama Lien ndiye aliyeita gari la wagonjwa, akatupandisha wote watatu humo, mimi, mjomba na Nyati, tumekaa magoti yakigusana, hakuna aliyemtazama mwenzake mpaka hospitali.

Mjomba alivunjika mbavu nne. Mkono wake ulibaki mzima, umechubuka tu, na siku ya tatu alikuwa tayari anashika kikombe. Mzee Hsu walimkata ngozi ya mgongo wakaibandika mapajani. Bega langu lilifungwa na mwunga mifupa, na kwa wiki tatu nilifanya kazi kwa mkono mmoja, Ping-kun ananishikia tochi.

Kazi ilikuwa nyingi, kwa sababu magari yote yalirudi. Hawakuomba radhi. Walikuja wawiliwawili, wakasimama mlangoni na pakiti za tambuu na sigara, wakaziweka mezani mbele ya mjomba kama ilivyo desturi, wakangoja zamu. Nilikata vibanio vyote. Nilitafuta mahali penye chuma kinene sakafuni, mbali na bolti za mikanda ya usalama, nikakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza waya kwa bolti na pete ya chuma yenye meno, nikapaka grisi juu. Niliwaambia kila mmoja, kwa mdomo wangu, kwamba sasa polisi wakija hataweza kung'oa kikuza sauti upesi. Wengine walilalamika. "Sasa wakikichukua, dada, nitaongea kwa kupiga honi?" Nikawaambia wachague. Wote walichagua bolti.

Gari la arobaini na moja lilikuja siku ya mvua, likasimama mlangoni bila kuzima injini. Dereva hakushuka. Nilipoinama dirishani nikamwona Nyati, mkono wa kulia una plasta mpaka kwapani, na vidole vimevimba vimetokeza, rangi ya biringanya. Walikuwa wamempokonya ukubwa wa kundi. Gari lilikuwa lake bado, na bado ilibidi ale.

Mjomba alimwona kutoka mezani. Aliinuka, akaingia ndani, akavuta pazia.

"Hapa lazima nikwangue rangi," nilisema.

"Kwangua."

Nilifanya kazi nusu saa. Yeye alikaa kiti cha nyuma, anatazama mvua. Nilipomaliza nikawasha redio. Korongo walikuwa wanazungumza juu ya foleni ya darajani, na mmoja anaimba. Nyati alirudi mbele, akakaa kwa taabu, akanyoosha mkono wake wa plasta kuelekea maiki iliyoning'inia kulia kwa usukani. Haukufika. Alijaribu tena kwa kujipinda. Akaacha.

"Unaweza kuihamishia kushoto?" aliuliza. "Huku mlangoni."

Nilitazama. Ningehitaji waya mrefu zaidi wa maiki, upite chini ya usukani, usiguse pedali.

"Naweza," nilisema. "Itachukua saa nzima."

"Nitangoja," alisema, akazima injini.